Nilivyomtoa Zohali Zizini

Niliwahi kumvusha Zohali nusu ya mbingu kwa mwaka mmoja. Nauungama mapema upumbavu huu ili msomaji asije akanidhania mjuzi wa falaki, akaniletea mtoto wake nimwangalizie nyota. Zohali ni ile nyota ya rangi ya samli, isiyometameta, ambayo wenye elimu hiyo humwita mzee kwa sababu ya uzito wa mwendo wake. Huizunguka mbingu kwa miaka thelathini kasoro miezi. Kijana anayemwona leo penye kundi fulani la nyota atamwona tena pale pale akiwa na binti wa kuozwa. Kiumbe wa namna hiyo hakimbii. Hata mbuzi, akikalishwa darasani siku mbili, atalijua hilo. Mimi nilifundishwa mwaka mzima na zaidi, kisha nikamwendesha kwa kasi ya garimoshi.

Hayo yalikuwa zama za Mdachi, reli ikiwa imekwisha kufika Dodoma. Nilikuwa nimerudi kwetu Mkonze kutoka shule kubwa ya serikali huko pwani. Nilirudi kupumzika mwezi mmoja, na mwezi huo ukachukua miaka minne. Si kwamba sikuwa na kazi. Niliwaandikia watu barua, niliwasomea majibu yake, asubuhi niliota jua na adhuhuri nikahamia kivulini. Boma walinitaka ukarani, nikasema kifua kinanibana. Kutoka nje ya ua wetu niliona ni safari. Mke wa jirani, mama mwenye ulimi mkali ambaye mumewe alifanya kazi relini, alikuwa akipita na mtungi wake na kuniona nimesimama mlangoni.

"Ee bwana msomi! Leo umefika mpaka mlangoni? Rudi ndani, usije ukapotea."

Nilicheka. Alikuwa anasema kweli.

Tembe yetu ilikuwa kama tembe zote za Ugogo, vyumba virefu vya udongo vimezunguka zizi, na harufu ya ng'ombe inaingia mpaka kwenye ugali. Mkubwa wa nyumba alikuwa baba mkubwa, kaka yake marehemu baba yangu. Dada yangu mkubwa naye alikuwa amerudi kwetu baada ya kufiwa na mumewe, akiwa na mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume. Umri wa kijana huyo hakuna aliyeujua sawasawa. Alikuwa amenipita kimo, sauti yake inapanda na kushuka, na alikuwa bado hajaingia jandoni.

Hilo la jando ndilo lililomnyima dada usingizi. Jumbe wetu hakujua kusoma wala hakujali miaka ya mtu. Boma likimwambia alete wanaume wa kodi, au wa kazi za mashamba ya mkonge huko chini, alipita mlango kwa mlango na swali moja tu: "Katoka jandoni?" Aliyetoka ni mwanamume, ataandikwa na atakwenda. Ambaye hajatoka ni mtoto, anaachwa na ndama. Waliokwenda mkonge tuliwaona wakirudi, wale waliorudi, wamekonda mpaka wake zao wanawaamkia kama wageni. Mimi jumbe aliniacha kwa sababu nilikuwa nikimsomea barua za boma. Basi dada alitaka kitu kimoja, mwanawe abaki mtoto mwaka mmoja zaidi, na ukiisha huo, mwingine.

Wala haikuwa kazi ngumu, kwa sababu ya mwalimu wa Kondoa.

Mwalimu huyu alikuwa Mrangi, mtu wa sala tano, mfanyabiashara wa tumbaku na asali. Akishuka Dodoma kuuza alilala kwetu, na alikuwa na kitabu chakavu chenye miduara na herufi ndogo kama sisimizi. Alinifundisha falaki kwa sababu mchana mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimekaa. Mbingu, alisema, imegawanywa nyumba kumi na mbili. Nyota za haraka ni za mtu mmoja mmoja: mwezi ni wa safari, Zuhura ni wa harusi.

"Lakini Zohali, karani," aliniambia, akiniita karani kwa kunikejeli, "Zohali hana habari na harusi yako. Yeye ni wa watu wote pamoja. Nyumba moja anakaa miaka miwili na nusu. Akiihama, kizazi nacho kinahama. Waliokuwa juu wanaondoka, waliokuwa chini wanapanda. Taratibu, taratibu, kama kiraka cha upele."

Jioni moja ya masika, jua limezama na mawingu yamefunguka, alituonyesha. Kilimia kilikuwa juu upande wa magharibi, vile vinyota vyake vimebanana kama vifaranga, na karibu yake kuna nyota nene ya rangi ya samli. Baba mkubwa, ambaye hakuwa mtu wa kustaajabu, aliinuka kwenye kigoda chake.

"Huyo namjua," alisema. "Alikuwa hapo hapo sisi tulipotoka jandoni. Tulilala nje katika baridi, tukamwona. Kisha akaenda zake nikamsahau."

"Ndiye," mwalimu akajibu. "Kazunguka kote huko mara mbili, amerudi kukutazama umekaaje."

"Na sasa yuko nyumba ipi?"

"Nyumba ya Ng'ombe."

Wazee waliangua kicheko. Kwa watu wa mifugo habari hiyo haikuhitaji tafsiri. Mzee yumo zizini! Tangu jioni hiyo hakuna aliyesema Zohali tena. Wakasema tu mzee wa zizini. Na baba mkubwa akakumbuka, au alijifanya kukumbuka, kwamba rika lao lilipewa jina na kuanza kuhesabika baada ya nyota ile kuondoka pale, si kabla. Wakakubaliana kwamba jando la rika jipya halifunguliwi mpaka mzee atoke zizini. Dada alikuwa amekaa nyuma yao na ungo wake mapajani. Nilimwona anahesabu kwa vidole: miaka miwili, labda na kitu.

Mpwa wangu hakuhesabu. Yeye alinijia kila juma.

"Mjomba, huyo mzee wenu anatoka lini? Vijana wa Kizota wananiita mtoto. Hata aliye mdogo kwangu huko kwao katahiriwa, mimi bado nachunga."

"Una haraka ya nini? Ukitoka tu, jumbe huyu hapa."

"Jumbe afadhali. Jumbe hanicheki."

Ulipoingia msimu wa baridi wa mwaka wa pili, mavuno yako ghalani na pombe ipo, wazee wakaanza kuwashwa na hamu ya jando. Mwalimu alikuwa anarudi Kondoa kwa shughuli zake. Kabla ya kupakia punda aliniita pembeni.

"Watakuuliza wewe. Sasa sikiliza. Msimu huu Kilimia hakionekani jioni, kinatoka alfajiri. Amka kabla ya jua, tazama mashariki. Kilimia kitakuwa juu, chini yake lile jicho jekundu la Ng'ombe, chini zaidi ndipo ncha za pembe. Mzee yuko kwenye ncha hizo. Akizipita akaziacha nyuma kabisa, ndipo katoka. Bado sana, lakini tazama kwa macho yako, usiseme kwa sababu mimi nimesema."

Dada naye alinijia mchana huo huo. Alikuwa ameniletea maziwa mgando, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mdogo wangu, sikuombi uongo," alisema. "Nakuomba ukweli tu. Mwaka huu ukweli uko upande wangu."

Nikamwambia alale salama. Yeye alale!

Asiyeijua baridi ya Dodoma ya mwezi wa saba atanihukumu vikali, na anayeijua atanihukumu vilevile, maana wachungaji walikuwa nje na mimi nilikuwa na blanketi la pwani, zito, la sufu. Alfajiri ya kwanza niliamka kweli. Nilifungua mlango, upepo ukaniingia mfupani, nikafunga. Alfajiri ya pili nilisikiliza upepo nikiwa bado nimelala na nikaamini neno lake. Ya tatu sikumbuki kama ilikuwepo. Nikajiambia kwamba nyota ni nyota, jioni nayo zipo. Basi nikawa baada ya chakula natoa kichwa mlangoni, blanketi mabegani, natazama mashariki hiyo hiyo niliyoambiwa, na huko nikaona nyota kubwa imepanda, imetulia, haimetimeti, rangi yake njano. Nikatafuta Kilimia karibu yake, hakuna. Jicho jekundu, hakuna. Mtu mwenye akili angesema: huyu si yule. Mimi nikasema: kumbe katoka! Tena katoka mbali!

Mzee wa miaka thelathini nimempa mwaka mmoja kuvuka nusu ya mbingu, na sikuona ajabu.

Wazee walikutana asubuhi kando ya zizi. Walikuwa sita, nami nimesimama mbele yao na suruali yangu ya shule. Dada alikuwa upande wa pili wa ua, anasaga uwele, jiwe linakwenda na kurudi.

"Haya, msomi," alisema baba mkubwa. "Mzee yumo au hayumo?"

"Hayumo," nikasema. "Katoka."

"Umemwona mwenyewe?"

"Kwa macho yangu. Jioni tatu mfululizo."

Jiwe la dada likanyamaza. Wazee hawakuona kitu katika neno jioni, walifurahi tu, mmoja akapiga paja, mwingine akaanza kutaja ng'ombe wa kuchinja. Mpwa wangu, aliyekuwa amejibanza nyuma ya ghala, alitoka akiruka kama ndama aliyefunguliwa kamba, akanikumbatia mbele ya wazee bila adabu. Ilikuwa mara ya mwisho kunikumbatia. Dada alinitazama tu. Kisha akaendelea kusaga, polepole, kama mtu anayesaga kitu kingine.

Wavulana wa vijiji vyetu wakaingia jandoni ndani ya wiki hiyo. Walikuwa hawajapona vidonda ilipofika habari kwamba Wadachi na Waingereza wanapigana. Hatukujua maana yake. Tulidhani ni ugomvi wa Ulaya, watamalizana huko huko.

Mwalimu alirudi kutoka Kondoa siku chache baadaye. Alisikia jando limefunguliwa. Alilala, na alfajiri akaja akanivuta mguu, hasa, kama unavyomvuta mbuzi. Akaniburuta hadi nje ya ua nikiwa na blanketi langu.

"Tazama. Kilimia kile. Jicho lile. Pembe zile. Na yule pale ni nani?"

Alikuwa pale. Njano, mnene, hana haraka, karibu na ncha za pembe.

"Na yule wa jioni?" nikauliza, ingawa nilikwisha kujua.

"Yule Mushtari. Kila mwaka ana nyumba mpya, kama mwanamume mwenye wake kumi na wawili. Karani, wewe umefundishwa na nani?" Kisha akaona uso wangu, akaacha mzaha. "Wangapi wameingia?"

"Wote."

"Basi. Ngozi haishonwi tena."

Nilimwambia dada siku hiyo hiyo. Hilo walau nililifanya. Nilitarajia kilio, nikajiandaa kwa kilio. Hakulia.

"Wazee hawatanisikia," alisema. "Na wewe huna faida kukaa hapa kunieleza. Ngoja watoke. Jumbe akija, wewe utakwenda umwambie. Kwa miguu yako."

Walitoka jandoni wamepakwa mafuta, wana nguo mpya, wamepewa jina la rika lao. Mpwa wangu alipita mbele yangu kwa mwendo mpya, wa kiume, hakuniamkia mpaka nilipomwita. Kabla ya mwezi kwisha jumbe aliniletea barua ya boma nimsomee. Nilimsomea mwenyewe, neno kwa neno, kwa sauti niliyofundishwa shuleni: wapagazi, wenye nguvu, mara moja. Alinishukuru, akatoka na askari wawili kwenda mlango kwa mlango. Kwetu aliuliza swali lake. Mpwa wangu akalijibu mwenyewe, kifua mbele: "Nimetoka!" Akafungwa kamba kiunoni pamoja na wenzake, akapelekwa uwanjani kwa jumbe kungoja kukuche waende stesheni.

Dada aliniletea viatu vyangu mpaka mkekani. Nikavaa, nikaenda.

Jumbe alikuwa ameketi kibarazani anachokonoa meno, askari wake wanakunywa pombe. Vijana walikuwa uwanjani wamekaa chini, kamba ile ile.

"Shikamoo, jumbe."

"Marahaba. Lo, msomi! Leo nani kakubeba mpaka hapa?"

Nilimweleza yote. Zohali, Mushtari, nyumba kumi na mbili, pembe za Ng'ombe, kwamba kwa hesabu sahihi jando lile lilifunguliwa kabla ya wakati na vijana wale kwa hakika bado ni watoto. Alinisikiliza kwa subira nisiyomjua nayo. Askari waliacha kunywa.

"Nimeelewa," alisema. "Katoka jandoni, hakutoka?"

"Katoka, lakini..."

"Na nani aliwaambia wazee wafungue?"

"Mimi."

"Sasa unataka nimrudishe kijana awe mtoto tena. Dawa hiyo mimi sina." Akatupa kijiti chake. "Ila nakuonea huruma, maana unanisomea barua. Boma wanataka vichwa, hawataki majina. Kichwa ni kichwa. Ingia wewe pale kwenye kamba, mpwa wako atoke sasa hivi aende kwa mama yake. Barua nitatafuta mwingine wa kunisomea."

Hakuwa ananitania. Askari mmoja alishika fundo la kamba, anangoja.

Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta nilichokuwa nafikiri wakati ule, na nikisema kweli sikuwa nafikiri kitu. Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa na vumbi. Mpwa wangu alikuwa hatua kumi kutoka hapo, na sijui kama alisikia. Aligeuza uso kuwatazama wenzake, basi. Baada ya muda jumbe akasema, bila hasira, "Haya, nenda nyumbani, jua linazama," nami nikaenda nyumbani.

Dada aliponiona peke yangu aliuliza, "Alikataa?" Nikasema, "Alikataa."

Mwaka uliofuata jumbe hakuuliza tena habari za jando. Walichukua waliotoka na wasiotoka, walichukua na ng'ombe, wakachukua na mtama ghalani, na zizi letu likabaki na kinyesi kikavu na mbuzi wawili. Mwalimu alikuwa ameniambia kwamba kizazi huhama taratibu. Labda kwingine. Kwetu wale wazee sita waliendelea kukaa kwenye vigoda vyao kwa kukosa wa kuwapisha, wakafa mmoja mmoja kwa njaa na kwa uzee, na vigoda vikakaa vitupu. Zohali amekwisha kurudi penye Kilimia tangu wakati huo. Nilitoka kumtazama, jioni, masika. Alikuwa vilevile. Nilimtafuta mtu wa rika la mpwa wangu wa kumwonyesha, awe baba mkubwa wa zamu yake, nikapata mmoja tu kutoka huko Buigiri, naye alikuwa hana jicho moja na hakutaka kutazama juu.

Habari ya mpwa wangu ililetwa kwetu na mwenzake mmoja aliyetoroka, kabla Waingereza hawajaingia Dodoma. Alisema waliandamana na askari mpaka nchi ya joto na matope, upande wa kusini. Kijana alishikwa na tumbo la kuhara, akabeba hivyo hivyo siku tatu, sanduku la risasi kichwani. Siku ya nne alikaa chini kando ya njia. Wengine waliamriwa wasisimame. Huyo mwenzake alisema alipogeuka nyuma alimwona bado amekaa, sanduku wamempa mwingine.

Tukakaa matanga bila maiti. Hakukuwa na nafaka ya kuwapikia waombolezaji, kila mmoja alikuja na kiganja cha chakula chake. Dada alikaa kwenye kona, kichwa kimefungwa kitambaa. Wanaume walipokuja kunipa pole, nami nikaanza. Nilisema kwa sauti kwamba ni mimi niliyemwua. Nikaeleza habari ya nyota ya jioni na ya alfajiri, nikajipiga kifua, nikasema kosa langu lilikuwa la macho na la usingizi, kwamba ningeamka asubuhi moja tu kijana angekuwa hai. Wazee wakanishika mikono. Mmoja akasema ilikuwa nyota yake, nisijitese. Nikalia zaidi. Naungama kwamba kulia huko kulinipa nafuu, na nilikuwa nimekwisha kuanza kuirudia habari kwa kundi jipya lililoingia.

Mke wa jirani alikuwa anapita na mtungi wa maji. Aliutua chini mbele yangu, akafuta mikono kwenye nguo yake, akanena, wala hakupunguza sauti, na dada akiwa pale pale anasikia:

"Acha habari za nyota. Jumbe alikuambia uingie wewe kwenye kamba atoke yeye, nawe ukanyamaza. Wale askari walituhadithia wote, siku ile ile."